Uzi: Kuchagua risasi ya raifo yenye teke dogo, kwa uwindaji na kwa kulenga shabaha

#1 – Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa sisi tunaoishi Marekani na ambao tumeanza kuingia msituni kila msimu wa kulungu unapofunguliwa, kuna swali linalorudi mwaka hadi mwaka: mtu anunue raifo ya kaliba gani (yaani inayopiga risasi ya ukubwa na aina gani), ikiwa ana uwezo wa kununua moja tu, na anataka imfae kwa kulungu wa mkia mweupe wakati wa vuli na kwa kulenga shabaha miezi yote iliyobaki? Jibu ambalo wengi hupewa dukani ni .30-06, au hata .300 Winchester Magnum, kwa hoja kwamba nguvu ikizidi haidhuru. Mimi naamini inadhuru, tena humdhuru mnyama kabla ya kumdhuru mpigaji, na ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Teke la bunduki linahesabika. Uzito wa kichwa cha risasi huzidishwa kwa mwendo wake kinapotoka mtutuni, hujumlishwa na uzito wa baruti mara mwendo wa gesi yake (gesi hutoka kwa kasi zaidi kuliko risasi yenyewe), na msukumo huo wote hurudi begani kwako kupitia uzito wa bunduki. Tukichukua raifo ya kilo 3.6 pamoja na darubini yake, .223 Remington humrudishia mpigaji takriban juli 5; .243 Winchester yenye kichwa cha greni 100 (greni ni kipimo cha uzito; greni 15 hivi ni gramu moja) humrudishia kama juli 13, 6.5 Creedmoor ya greni 140 juli 17 hivi; 7mm-08 ya greni 140 juli 19; .308 Winchester kati ya 22 na 25 kulingana na kichwa kilichotumika; .30-06 ya greni 180 hukaribia 30, na .300 Winchester Magnum hufika 40 au hapo karibu. Takwimu hizi hupanda na kushuka kidogo kwa kutegemea baruti, lakini mpangilio wake haubadiliki. Anayetoka 6.5 Creedmoor kwenda .300 anajiongezea teke zaidi ya mara mbili ili kumpiga mnyama yuleyule, katika umbali uleule, ambao kwa wengi wetu msituni hauzidi mita 150.

Watu wengi wakiulizwa kama bunduki yao inawasumbua hujibu kwamba hawalihisi teke, hasa wakati wa kuwinda. Ni kweli kwamba damu ikichemka mtu halihisi teke. Hata hivyo mwili haujasahau, kwa sababu ulifundishwa pale kwenye uwanja wa shabaha, siku ambayo bega liliuma na masikio yakavuma, na tangu siku hiyo umekuwa ukijikunyata nukta moja kabla ya mlio. Kuna kipimo ambacho kila mmoja wetu anapaswa kukubali kufanyiwa. Mpe mwenzako bunduki yako aijaze yeye, huku umegeuza uso, na katika risasi halisi achanganye risasi bandia moja au mbili za mazoezi bila kukuambia zipo wapi. Kisha lenga na ufyatue kama kawaida. Triga itakapoangukia ile bandia, hakutakuwa na mlio wala teke la kuficha chochote, na wote wawili mtauona mtutu: ama utabaki umetulia kama ulivyokuwa, ama ncha yake itachovya chini, jicho litafumba, na bega litasonga mbele kwenda kupokea pigo ambalo halikuja. Nimewaona watu wazima, wawindaji wa miaka mingi, wakikaa kimya baada ya kuuona mtutu wao ukichovya hivyo. Mchovyo huo, ukifanyika mnyama akiwa mita 120 mbele yako, ndio unaoishusha risasi kutoka mapafuni hadi mguuni au tumboni.

Na mapafu ndiyo tunayoyataka. Kwa kulungu dume aliyekomaa, ambaye kwa kawaida huwa na kilo 60 hadi 130 kulingana na jimbo, eneo la moyo na mapafu tukilitazama kutoka ubavuni lina upana wa sentimita 20 hivi. Kichwa cha risasi kilichotengenezwa kwa ajili ya uwindaji, chenye kutanuka vizuri, kikipita hapo kwa mwendo wa kutosha, mnyama hafiki mbali, awe amepigwa kwa 6.5 au kwa .300.

Sasa nije kwenye kaliba zenyewe. Ganda la .308 Winchester (ganda ni kile kifuko kinachobeba baruti na kushika kichwa), lililoingia sokoni mwaka 1952, lilizaa ndugu kadhaa kwa kubanwa shingo, yaani mdomo wake kufinywa ili ushike kichwa chembamba zaidi: .243 Winchester mwaka 1955, 7mm-08 Remington mwaka 1980, na .260 Remington mwaka 1997. Zote hutumia bunduki ya boliti (komeo la kuvutwa kwa mkono) ya aina fupi, zote zina teke linalovumilika, na zote zimeua kulungu wengi sana. Pembeni yao wapo wazee wawili wa Ulaya, 7x57 Mauser ya mwaka 1892 na 6.5x55 iliyokubaliwa na tume ya pamoja ya Swideni na Norwei mwaka 1894, wakati nchi hizo zilipokuwa bado chini ya mfalme mmoja. Hiyo 6.5x55 naomba msiipite haraka. Waswidi humwinda kwayo elki, mnyama anayeweza kuzidi kilo 400, na sheria yao ya risasi za daraja la kwanza hudai kichwa chenye angalau gramu 10 kiwe na juli 2,000 kikifika mita 100, au chenye gramu 9 hadi 10 kiwe na juli 2,700. Risasi ya 6.5x55 yenye kichwa cha greni 156, yaani gramu 10.1, hutimiza sharti hilo bila shida. Ikiwa inamtosha elki wa Swideni, sioni kwa nini isimtoshe kulungu wa Pennsylvania.

6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya risasi ya Hornady mwaka 2007, ni wazo hilohilo la Waswidi lililofungwa katika ganda fupi zaidi. Jina lake linatokana na uwanja wa Creedmoor, Long Island, New York, ambako Wamarekani na Waairishi walishindana kulenga shabaha za mbali mwaka 1874. Iliundwa kwa ajili ya mashindano, na sifa yake kubwa ni kwamba ganda lake ni fupi kiasi cha kukiachia nafasi ndani ya magazini kichwa kirefu na chembamba, ambacho hupasua upepo vizuri na kutunza mwendo wake. Kwa mtu anayetaka kulenga bamba la chuma katika mita 500 na bado awinde na bunduki hiyohiyo, hili ndilo chaguo langu la kwanza. Kwa mtu ambaye uwindaji ndio kazi kuu na shabaha ni mazoezi tu, ningemwelekeza kwenye 7mm-08, kwa sababu kichwa chake ni kipana kidogo na teke lake limeongezeka kidogo sana.

Faida moja ya teke dogo haisemwi mara nyingi. Bunduki isiporuka, darubini hubaki juu ya shabaha, na mpigaji hujionea mwenyewe risasi ilipogonga. Kwenye mashindano hilo humwezesha kusahihisha upepo papo hapo. Msituni humwezesha kuona mnyama alivyoitikia pigo na upande aliokimbilia.

Karibuni tujadiliane.

#2

Asante mkuu kwa somo. Mimi nimeshawishika na .243 kwa sababu teke lake ni dogo zaidi kuliko hizo nyingine, na bei ya bunduki zilizotumika ni nzuri. Lakini wawindaji wa hapa kwetu wananiambia ni bunduki ya kujeruhi, kwamba kulungu hupigwa akakimbia asionekane. Je, lawama hizo ni za haki?

#3 – Mwanzisha uzi

Mkuu, lawama hizo zina chembe ya ukweli, ila mara nyingi hazielekezwi pale zinapostahili. .243 huuzwa na vichwa vya aina mbili zilizo tofauti kabisa. Vipo vya greni 55 hadi 75 hivi, vyepesi na vyenye ngozi nyembamba, ambavyo vingi vimetengenezwa kupasukia juu juu kwa ajili ya wanyama wadogo wasumbufu, na vipo vya greni 85 hadi 100 vilivyotengenezwa kwa kulungu. Mtu akimpiga kulungu begani kwa risasi ya kundi la kwanza, itapasuka kwenye mfupa bila kufika mapafuni, kisha kaliba ndiyo italaumiwa. Soma kilichoandikwa kwenye boksi, usiangalie tarakimu ya kaliba peke yake. Jimbo la Colorado limeliweka jambo hili katika kanuni zake: kaliba isipungue .24, kichwa kiwe cha kutanuka, kisipungue greni 70 kwa kulungu na greni 85 kwa elki wa huko (wapiti, si yule wa Swideni), na kibaki na futi-pauni 1,000, takriban juli 1,356, kikifika yadi 100. Kwa hiyo .243 inakubalika hapo hata kwa elki, ingawa mimi kwa mnyama mkubwa hivyo nisingeichagua.

Siku hizi pia vipo vichwa vya shaba tupu, visivyo na madini ya risasi (lead) ndani, ambavyo havivunjiki vipande na hupenya kwa kina. Kichwa cha shaba cha greni 80 au 85 kimeifanya .243 kuwa bunduki bora kuliko ilivyokuwa zamani, na kwa wakazi wa California, ambako tangu Julai 2019 uwindaji wote unatakiwa kufanywa kwa risasi zisizo na madini hayo, hakuna njia nyingine.

Kuna jambo moja zaidi la kukagua kabla ya kununua bunduki iliyotumika, nalo ni mifuo ya ndani ya mtutu, yaani michirizi inayoizungusha risasi. Kichwa kirefu huhitaji kuzungushwa haraka zaidi ili kisiyumbe hewani, na shaba, kwa kuwa ni nyepesi, hufanya kichwa kiwe kirefu zaidi kwa uzito uleule. Mwaka 1955, Winchester ilipotoa .243 yenye mtutu wa kukamilisha mzunguko mmoja kila inchi 10, Remington ilitoa .244 yenye mzunguko mmoja kila inchi 12, ikidhani wanunuzi wangetaka vichwa vyepesi. Wawindaji walitaka greni 100, .244 haikuweza kuzituliza kwa uhakika, na soko likaihamia .243. Remington ilibadilisha mifuo hadi inchi 9 na mwaka 1963 ikairudisha risasi ileile kwa jina la 6mm Remington, lakini wateja walikuwa wamekwisha kwenda. Nguvu za hizo mbili zilikuwa karibu sawa. Kilichoziamua ni mifuo. Kwa hiyo uliza mtutu una mzunguko gani, kisha chagua kichwa kinacholingana nao.

#4

Kaka, mimi nipo Ohio na ninataka kumnunulia binti yangu bunduki yake ya kwanza. Nimeambiwa kwamba 6.5 Creedmoor hairuhusiwi kwa kulungu katika jimbo letu. Ni kweli? Na kama ni kweli, nifanyeje, maana umbo lake ni dogo na sitaki aanze kwa kuumia?

#5 – Mwanzisha uzi

Ni kweli, dada. Ohio kwa raifo za kulungu huruhusu risasi zenye ganda lililonyooka tu, lisilobanwa shingo, na kaliba zote nilizozitaja hapo juu zina shingo. Kwa hali yako ningetazama .350 Legend, ambayo Winchester iliitoa mwaka 2019 ikiwalenga wawindaji wa majimbo yenye kanuni kama hiyo. Teke lake liko karibu na la .243, na hadi mita 150 hivi inamtosha kulungu. Usiinunue ukitarajia shabaha za mbali, kwa sababu kichwa chake ni kifupi na kipana na hupoteza mwendo upesi. Kanuni hizi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma kijitabu cha msimu husika cha idara ya wanyamapori ya jimbo kabla hujatoa fedha.

Kwa binti, kaliba ni nusu ya habari. Kitako cha bunduki kikiwa kirefu kuliko mkono wake, atalazimika kujipinda nyuma ili aishike, na hapo hata teke dogo litamyumbisha na darubini inaweza kumchana juu ya jicho. Akikiweka kitako kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko, ncha ya kidole chake inapaswa kuifikia triga bila kunyooshwa kwa nguvu. Tafuta kitako kinachoweza kufupishwa, chenye mpira laini mwishoni, na darubini inayomruhusu kuweka jicho umbali wa sentimita 9 hivi.

Masikio nayo yalindwe mara mbili, vizibo ndani na vifunika masikio juu yake. Sehemu kubwa ya hofu ambayo watu huiita hofu ya teke ni hofu ya mlio. Mwanzishe na .22 ya kawaida, ambayo haina teke la kuzungumziwa, hadi triga iwe haimpi wasiwasi wowote, ndipo umpe .350, tena risasi chache tu kwa siku na umsimamishe angali anafurahia.

#6

Vijana, mimi niko Arusha na nimewasoma kwa makini. Hapa kwetu wazee wa zamani walisimulia habari za yule Mskoti wa Karamoja aliyeua tembo kwa bunduki ndogo. Kama yeye aliweza, kwa nini sisi tunalazimishwa kubeba .375 kwa nyati? Na kwa swala na ngiri, hizo 6.5 zenu zinafaa?

#7 – Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Huyo ni Walter Bell, aliyezaliwa mwaka 1880 na kufariki mwaka 1954, ambaye Wazungu walimpachika jina la Karamoja kwa sababu ya misafara yake ya pembe kaskazini mwa Uganda. Ni kweli kwamba kati ya tembo zaidi ya elfu moja aliowaua, wengi aliwaua kwa 7x57 Mauser, risasi ambayo Waingereza huiita .275 Rigby. Lakini tuangalie alivyofanya. Alitumia vichwa vigumu visivyotanuka, vya greni 173, virefu na vyembamba, vinavyopenya moja kwa moja bila kupinda. Alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo umekaa wapi ukitazamwa kutoka kila upande. Alikuwa mlenga shabaha wa kiwango cha nadra, na alifanya biashara hiyo kila siku kwa miaka, katika nchi ambayo tembo wake walikuwa hawajazoea bunduki. Mwindaji wa leo mwenye kibali cha nyati mmoja hana hata kimoja kati ya hivyo. Nyati aliyejeruhiwa huingia kichakani, na wanaotangulia kumfuata ni mfuatilia nyayo na askari wa wanyamapori. Kiwango cha .375 kimewekwa kwa ajili ya maisha yao, na mimi nakiunga mkono kabisa. .375 H&H ina teke la juli 50 hivi katika bunduki ya kilo 4, na njia ya kulizoea ni kufanya mazoezi mengi kwa kaliba ndogo na machache kwa hiyo yenyewe, ukiwa umesimama, kwa sababu mwili uliosimama huyumba pamoja na teke badala ya kulipokea lote begani.

Bell hata hivyo ametuachia ushahidi unaohusu mada yetu: bunduki nyepesi, isiyomtisha mpigaji, ilimwezesha kuweka risasi mahali alipopataka, na kurudia upesi ilipohitajika.

Kwa swala pala na ngiri, ambao mara nyingi hawazidi kilo 100, 6.5 na 7mm zinatosha bila wasiwasi. Kwa kongoni na nyumbu ningeanzia 7mm-08, 7x57 au .308 yenye kichwa kigumu kiasi, na kwa pofu ningepanda zaidi. Kabla ya yote, mzee wangu, ulizia dukani Arusha au Dar es Salaam ni risasi zipi hupatikana mwaka mzima, na uhakikishe kaliba unayoitaka inakubaliwa kwenye leseni yako ya polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 na kwenye kibali chako cha uwindaji. 6.5 Creedmoor isiyo na risasi haina maana hata kidogo, na hapo .308 yenye kichwa chepesi inaweza kuwa uamuzi wa busara zaidi. Kwa ndugu zetu wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, suala linabaki la shabaha peke yake, na huko .223 na 6.5 ndizo za kuanza nazo.

#8

Na sisi ambao tayari tuna .30-06 tuliyorithishwa, na hatuna fedha ya kununua nyingine? Nimefanyiwa hicho kipimo cha risasi bandia na mtutu umechovya vibaya.

#9 – Mwanzisha uzi

Usiiuze, mkuu. Anza na uzito, kwa sababu msukumo ukibaki uleule, bunduki ya kilo 3 ikifikishwa kilo 4 hupunguza nguvu ya teke kwa robo nzima. Kwenye uwanja wa shabaha unaweza kuweka mfuko mdogo wa mchanga kati ya kitako na bega, kisha ukauacha nyumbani siku ya kuwinda. Badilisha ule mpira mgumu wa zamani uliozeeka kwa mpira laini wa kisasa. Ni gharama ndogo na tofauti yake huonekana siku hiyohiyo.

Hatua ya pili ni risasi yenyewe. .30-06 hailazimiki kupigwa kwa greni 180. Kichwa cha greni 150, au cha shaba cha greni 130, humtosha kulungu na hupunguza teke waziwazi, na baadhi ya viwanda huuza maboksi yaliyopunguzwa baruti makusudi kwa ajili hiyo. Ukibadilisha risasi, irekebishe darubini upya, kwa sababu mahali pa kugonga patahama.

Kuhusu kifaa cha kuelekeza gesi pembeni, kinachofungwa mdomoni mwa mtutu, ninakipendekeza kwa tahadhari. Kinaweza kuondoa theluthi ya teke, hata nusu, lakini mlio wake huwapiga masikio walio pembeni yako, na msituni wengi hawavai vifunika masikio. Kizuia sauti hupunguza vyote viwili, teke na mlio, na huko Norwei na Ufini ni kifaa cha kawaida cha mwindaji. Hapa Marekani kinahitaji kusajiliwa na serikali kuu, na baadhi ya majimbo hayakiruhusu kabisa.

Kisha rudi kwenye triga. Hakikisha bunduki haina risasi, iangalie chemba kwa macho na kwa kidole, ielekeze mahali salama, na ufyatue kavu sebuleni kila jioni huku ukiitazama alama ya darubini isitikisike triga inapoanguka. Baada ya majuma kadhaa mwambie mwenzako akujazie tena kwa kuchanganya, na safari hii aanze na zile za greni 150.